7-Zip, WinRAR au ile iliyokuja na Windows: uweke ipi kwenye kompyuta yako

Wiki za mwisho wa muhula, steshenari za huku Ngamiani Tanga, mambo ni yaleyale. Mwanafunzi kaja na flashi, kazi yake yote iko ndani ya faili la .rar, yaani mafaili yaliyobanwa pamoja yakawa faili moja, kompyuta ya dukani ina WinRAR ya zamani ambayo haijaguswa tangu ilipowekwa, ukibonyeza inakwambia faili limeharibika au aina yake haijulikani, na nyuma yake kuna foleni ya watu wanataka fotokopi. "Anko mbona nyumbani limefunguka?" Na ni kweli nyumbani limefunguka, faili ni zima kabisa. Shida ni kwamba WinRAR kuanzia toleo la 5.0 la mwaka 2013 ilikuja na aina mpya ya RAR, inaitwa RAR5, na matoleo ya nyuma ya hapo hayaijui. Mwenye haraka hapo anaanza kutafuta programu ya kurepea faili, anashusha cha kwanza anachokiona, anaondoka na virusi, wakati dawa ilikuwa ni kuweka programu mpya tu, kazi ya dakika mbili.

Nimeona niandike hii kwa sababu watu wanachanganya maswali mawili. Moja ni programu gani ya kubana na kufungua mafaili uwe nayo, la pili ni faili la aina gani umtumie mwenzio. Programu unachagua kwa ajili yako wewe, aina ya faili unachagua kwa ajili ya anayepokea. Mimi msimamo wangu nauweka wazi kabisa mapema, kwa kompyuta ya kawaida ya nyumbani au ya ofisi ndogo weka 7-Zip, ila unapomtumia mtu mtumie zipu ya kawaida, yaani faili la .zip. Sasa tuzilinganishe muone kwa nini, na wapi WinRAR bado inaishinda.

Tuanze na ambayo tayari unayo. Windows inafungua na kutengeneza zipu yenyewe toka enzi za Windows XP, unabonyeza raiti kliki kwenye folda unaenda Send to unachagua zipu, basi. Haihitaji bando wala kuinstoli chochote. Kama kazi yako ni kukusanya PDF tano za maombi ya kazi uzitume kwa imeili, hapo huhitaji kitu kingine chochote na usisumbuliwe na mtu. Windows 11 imeongezewa nguvu, kuanzia masasisho ya mwaka 2023 inafungua RAR na 7z (aina ya faili ya 7-Zip), na toleo la 24H2 linaweza hata kutengeneza 7z. Ila kompyuta nyingi ninazoziona huku bado ni Windows 10, zingine 7, na hizo RAR hazifungui kabisa. Halafu hii ya Windows haikuwekei paswedi kwenye zipu, na ukiipa folda yenye vifaili vidogo vidogo maelfu inakwenda polepole mpaka unakata tamaa. Kwa hiyo kwa wengi haitoshi.

7-Zip ilitengenezwa na Mrusi anaitwa Igor Pavlov, ilitoka 1999 na mpaka leo anaiendeleza. Ni ya bure kweli, sio bure ya siku kadhaa, bure nyumbani, bure ofisini, bure shuleni, hakuna tangazo na hakuna kidirisha cha kukukumbusha ulipe. Setapu yake haifiki MB 2, kwa hiyo hata kama umebakiwa na bando la mwisho mwisho unaishusha. Inakubali mpaka Windows za zamani sana, XP bado inaingia, na ipo ya biti 32 kwa zile laptopu za mtumba ambazo watu bado wanazitumia na zinawalipia ada. Inafungua karibu kila kitu, zipu, RAR ya zamani na RAR5, tar, hata ISO. Inatengeneza zipu na 7z yake yenyewe, ambayo kwa kubana inaishinda zipu kwa mbali kwenye maandishi na data.

Kitu ambacho haiwezi ni kutengeneza RAR. Sio uzembe, leseni ya RAR inaruhusu watu kutumia kodi (code) ya kufungulia lakini inakataza kuitumia kutengeneza kibanio cha RAR, kwa hiyo programu yoyote ya bure inayokwambia inatengeneza RAR yenyewe bila WinRAR kuwepo, itilie shaka.

Na sura yake jamani sio nzuri, lazima niseme, vitufe vyake vikubwa na rangi za kizamani, mtu akiifungua mara ya kwanza anadhani kaweka programu feki. Halafu kuna usumbufu mmoja ambao unawafanya wengi wairudie WinRAR, ukishaiinstoli mara nyingi haijipi yenyewe kazi ya kufungua .rar, unabonyeza faili mara mbili na Windows bado inakuuliza ufungue na nini. Dawa yake, tafuta 7-Zip File Manager kwenye menyu, raiti kliki uifungue kama administreta, nenda Tools, halafu Options, utaona orodha ya aina za mafaili, bonyeza alama ya kujumlisha pale juu kisha OK. Mara moja tu, basi. Kama hutaki hata hilo, raiti kliki kwenye faili, nenda 7-Zip, chagua Extract Here. Kwenye Windows 11 menyu hiyo imejificha, unaanza na Show more options ndo unaiona, inakera kidogo kwa mtu anayefungua mafaili kutwa nzima.

WinRAR sasa. Hii ndo kila mtu anaijua, na jina lake limetoka kwa Eugene Roshal aliyeibuni RAR mwaka 1993. Ni nzuri, sitaki kudanganya. Ukiinstoli inashika kazi zote yenyewe, sura yake inaeleweka, kukata faili vipande ni rahisi, na ina kitu kimoja ambacho 7-Zip haina kabisa, rekodi ya kujirekebisha. Yaani unapotengeneza RAR unaweka tiki kwenye Add recovery record, programu inaongeza data kidogo ya ziada ndani ya faili, siku faili likipata kovu sehemu ndogo, tuseme flashi imeanza kufa au umeme umekatika katikati ya kukopi, WinRAR inaweza kulirekebisha. Faili la 7z likiumia huna bahati hiyo, tena orodha ya vilivyomo inakaa mwishoni mwa faili, kwa hiyo likikatika tu mwisho, kulifungua inakuwa kazi kweli kweli. Kwa mtu anayehifadhi picha za familia kwenye hadi diski ya mtumba na hana mpango wa kuwa na kopi ya pili, hapo WinRAR ina hoja na siwezi kuipinga. Ila ushauri wangu bado ni kopi mbili sehemu mbili tofauti, maana hadi diski ikizima kabisa rekodi ya kujirekebisha inazima nayo.

Tatizo la WinRAR kwangu ni mawili. La kwanza sio ya bure, ni ya kujaribu siku 40, baada ya hapo leseni inataka ulipe, kama dola 30 hivi, kwa pesa yetu ni zaidi ya elfu sabini. Najua inaendelea kufunguka hata baada ya siku 40, inakuonyesha tu kidirisha cha kukumbusha, ndo maana watu hawaoni shida. Lakini ofisi inayotakiwa iwe na leseni ya kila kitu isijidanganye, aidha ilipe au iweke 7-Zip. Na kinachoniumiza zaidi ni wale wanaotafuta WinRAR iliyokrekiwa ili tu kile kidirisha kisitokee. Unaingiza faili la mtu usiyemjua kwenye kompyuta yenye picha zako, paswedi zako, na akaunti ya benki, kwa ajili ya kuondoa kidirisha! Hapana. Kama hutaki kulipa ya bure halali ipo.

La pili ni usalama, hapa naomba msome taratibu. WinRAR haijiapdeti yenyewe. Mwaka 2019 watafiti wa Check Point, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitoa habari ya tundu ambalo lilikuwa limekaa ndani ya WinRAR karibu miaka 19, kwenye sehemu ya kufungulia mafaili ya ACE, aina nyingine ya zamani ya mafaili yaliyobanwa, mtu anakutumia faili ukilifungua tu linapenyeza programu yake pale kompyuta inapoanzia kuwaka. Mwaka 2023 likapatikana lingine, unaona picha au hati ya kawaida ndani ya faili, ukiibonyeza kinachokimbia ni kodi ya mwizi, na lilishatumika miezi kadhaa kuibia watu kabla ya kuzibwa kwenye toleo la 6.23. Mwaka 2025 tena, likazibwa kwenye 7.13. Kwa hiyo fungua WinRAR yako saivi, nenda Help, halafu About, angalia namba. Ukikuta namba iliyo chini ya 7.13, achilia mbali 5 na kitu au 4 na kitu ambazo zipo nyingi tu mjini, hiyo kompyuta ina mlango wazi, na kila flashi inayochomekwa pale inapita mlangoni.

7-Zip nayo sio malaika, ilikuwa na tundu lililofanya lile onyo la Windows kwa faili lililotoka intaneti lisihamie kwenye mafaili yanayotolewa ndani, wakaliziba kwenye toleo la 24.09 mwishoni mwa 2024. Na yenyewe pia haijiapdeti. Kwa hiyo iwe hii au ile, jizoeze kila baada ya miezi michache kuingia kwenye tovuti yake, 7-zip.org yenye kistari katikati, au rarlab.com kwa WinRAR, uchukue mpya. Usiandike tu jina kwenye gugo ukabonyeza tangazo la juu, na usichukue setapu inayozunguka kwenye flashi za marafiki.

Zingine nazipitia haraka. WinZip ipo toka 1991, ni ya kulipia, na kwa mtu wa matumizi ya kawaida sioni inampa nini cha kulingana na hiyo hela. PeaZip ni ya bure kama 7-Zip, sura nzuri zaidi, ipo pia ya Linux, ila setapu kubwa na kwenye kompyuta nzito kuamka nayo inachelewa. Bandizip ya Wakorea ni nyepesi na inapendeza, tatizo toka toleo la 7 ile ya bure ina matangazo. NanaZip naipenda kwa wenye Windows 11, ni 7-Zip ileile imevalishwa nguo mpya, inakaa kwenye menyu ya kwanza ya raiti kliki, unaichukua Microsoft Store kwa hiyo inajiapdeti, na hilo la kujiapdeti peke yake linatosha mtu wa Windows 11 aichague mbele ya 7-Zip yenyewe.

Sasa suala ambalo watu wanabishana sana, ipi inabana zaidi. Jibu linategemea unabana nini. Chukua folda ya picha za harusi, JPEG tupu, jaribu zipu, jaribu RAR, jaribu 7z ya kiwango cha juu kabisa usubiri mpaka chai ipoe, utakuta zote zimetoka karibu na ukubwa uleule wa mwanzo. JPEG imeshabanwa ilipopigwa, MP3 imeshabanwa, MP4 imeshabanwa, hakuna maji ya kukamua. Hata faili la Word la .docx ndani yake tayari ni zipu, ukitaka kuhakikisha tengeneza kopi, badilisha .docx iwe .zip, fungua, utaona vifolda ndani. Lakini chukua CSV kubwa la mauzo ya duka, au bekapu ya database, au mafaili ya maandishi matupu, hapo 7z na RAR zinaiacha zipu mbali, faili kubwa linakuwa dogo mpaka unarudi kuangalia kama kweli vyote vimeingia. Kati ya 7z na RAR mara nyingi 7z inatoka ndogo kidogo na RAR inamaliza mapema kidogo, tofauti ambayo kwa mtu wa nyumbani haibadilishi maisha.

Angalizo kwa wenye ramu ndogo. Kwenye 7-Zip pale palipoandikwa Dictionary size ukiweka MB 64, wakati wa kubana inataka ramu kama mara kumi ya hapo, karibu MB 700. Kwenye laptopu ya ramu GB 2 yenye Chrome imefunguliwa kila kitu kinaganda. Acha kiwango cha Normal, usipande Ultra kwa sababu tu jina linavutia.

Na kuzipu picha sio kazi bure hata kama hazipungui. Mpiga picha wa Makorora akimtumia bibi harusi picha mia kwa WhatsApp kama picha, zinafika zimepunguzwa ubora. Akiziweka kwenye zipu moja akaituma kama dokumenti zinafika kama zilivyo, na WhatsApp inakubali dokumenti mpaka GB 2. Hapo ndo aina ya faili inapokuwa na maana, bibi harusi atafungulia kwenye simu. Zipu simu nyingi za sasa zinaifungua zenyewe, iPhone nayo kwenye Files inafungua. Ukimtumia 7z au RAR ataanza kukupigia simu, "kaka mbona hazionekani?", uanze kumwelekeza ashushe ZArchiver ya kufungulia, asubuhi ya fungate. Mtumie zipu.

Kwa imeili kumbuka Gmail mwisho MB 25, na faili la .exe inalikataa hata ukilificha ndani ya zipu.

Paswedi. Hapa naona watu wanajiamini kwa kitu dhaifu. Ukiwa kwenye 7-Zip ukachagua zipu ukaweka paswedi bila kugusa kingine, inatumia ZipCrypto, ulinzi wa zamani ambao mwenye nia na programu za kuvunjia anaupita. Badilisha iwe AES-256, ulinzi wenye nguvu zaidi. Ila ukishaweka AES, Windows 10 yenyewe haitaweza kulifungua, anayepokea lazima naye awe na 7-Zip au WinRAR. Na zipu hata ikiwa na paswedi majina ya mafaili yanasomeka, mtu anaona kabisa mishahara_Juni na barua_ya_kufukuzwa hata kama hawezi kufungua. Kama majina yenyewe ni siri, tumia 7z na uweke tiki palipoandikwa Encrypt file names, WinRAR nayo ina kitu hichohicho. Paswedi mwambie kwa simu, usiiandike kwenye meseji ileile yenye faili. Na uiandike mahali, maana AES ukiisahau hakuna fundi wa kukusaidia, na anayekwambia anaweza kwa elfu kumi anataka elfu kumi yako.

Mafaili makubwa, tuseme umerekodi mechi ya Coastal pale Mkwakwani nzima na video ina GB 6. Flashi nyingi zimefomatiwa FAT32, faili moja likifika GB 4 haliingii hata kama flashi ina nafasi ya GB 32, na watu wanadhani flashi ni mbovu. Programu zote mbili zinakata vipande, kwa WinRAR vinaitwa part1, part2, kwa 7-Zip vinaishia .001, .002. Anayepokea aviweke vyote folda moja, afungue cha kwanza tu, na kikikosekana kimoja hapati kitu. Kwa hili WinRAR maelezo yake kwenye skrini yanaeleweka zaidi kwa mgeni. Ila kama flashi ni yako, kuifomati exFAT, ambayo haina kikomo hicho cha GB 4, ni rahisi kuliko yote hayo, hamisha kwanza vilivyomo.

Kingine kabla sijasahau kwa sababu kinaliza watu, usiandike kazi ndani ya faili lililobanwa. Unafungua zipu, unabonyeza dokumenti ikiwa bado mle ndani, Word inafunguka, unaandika masaa mawili, unasevu, unafunga, kesho haipo. Ile ilikuwa kopi ya muda iliyokaa kwenye folda la siri la Windows. WinRAR na 7-Zip zinajitahidi kukuuliza kama uirudishe ndani, ile ya Windows haikuulizi. Toa kwanza, hifadhi kwenye folda, ndo ufungue.

Kwa hiyo mwanafunzi, 7-Zip, na kazi ya kuprinti uje nayo PDF kavu wala usiizipu. Steshenari, 7-Zip mpya kwenye kila kompyuta, WinRAR za zamani mzitoe kabisa, maana nyie ndo mnapokea flashi za mji mzima. Mwenye Windows 11 iliyoapdetiwa na kazi ndogo ndogo, baki na ya Windows, ukihitaji paswedi weka NanaZip. Anayehifadhi vitu vya miaka na anaweza kulipia, WinRAR yenye rekodi ya kujirekebisha ni hela halali. Wa Mac, zipu inafunguka yenyewe, RAR na 7z weka Keka au The Unarchiver, zote mbili zinafanya kazi, Keka ndo inayotengeneza 7z pia.